Lenzi, Konea na Maji Safi: Uzito wa Istilahi Katika Maelekezo ya Tiba ya Macho

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia istilahi za ugonjwa mmoja wa macho ambao, ijapokuwa ni wa nadra, huweza kumpofusha mtu jicho katika muda wa miezi michache, na ambao kwa sehemu kubwa huzuilika kwa maneno. Twasema kwa maneno, kwa sababu kinga yake haimo katika chanjo wala katika kidonge. Imo katika maelekezo machache yanayoandikwa juu ya chupa, katika karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, au katika bango la ukutani kwenye chumba cha daktari wa macho. Maelekezo hayo yakifasiriwa vibaya, msomaji mwaminifu atayatii, naye ataumia kwa kutii kwake.

Ugonjwa wenyewe ni kidonda cha konea kiletwacho na amiba aitwaye Akanthamiba. Katika nchi zenye wavaaji wengi, wapatwao zaidi ni watu wanaovaa zile lenzi nyembamba zikaazo juu ya jicho badala ya miwani. Zamani wavaaji wa namna hiyo walikuwa wachache sana katika Afrika ya Mashariki, na mfasiri aliweza kulipita jambo hili bila lawama. Siku hizi sivyo. Mijini lenzi za rangi huuzwa hata pasipo na daktari wala mpimaji wa macho, na wapo wanaozivaa kwa ajili ya arusi tu, kisha huzihifadhi kabatini mpaka arusi nyingine. Maelekezo yake huja kwa Kiingereza au Kichina, na mara nyingi Kiswahili tukionacho kimetolewa na mashine. Kwa hiyo yafaa walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaohusika na kuandika matangazo ya afya wayatazame maneno haya kwa makini.

Jicho na konea

Kiswahili si maskini wa maneno ya jicho. Tunayo mboni, kope, chongo na makengeza. Tunao mtoto wa jicho, jina ambalo hata mgeni akilisikia mara moja halisahau. Tunavyo vikope, jina la kienyeji la trakoma. Na tunacho chamba cha jicho, yaani ule utando mweupe unaolifunika jicho na kulizuia lisione. Lakini utaona kwamba wazee walikipa jina kila kitu kinachoonekana, na hawakuwa na haja ya kukipa jina kile kisichoonekana. Konea ni kioo kitupu. Ikiwa nzima, mtu haioni. Huona mboni iliyo nyuma yake. Huonekana pale tu inapoharibika, na hapo ndipo ilipopewa jina la chamba, ambalo kwa hakika ni jina la kovu lake.

Vitabu vya sayansi vya shule vimelizoea neno konea, nasi hatuoni sababu ya kuliacha. Katika maandishi ya watu wote lifuatiwe mara ya kwanza na maelezo mafupi: konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Unene wake katikati ni kiasi cha nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, maana damu ingeuzuia mwanga. Oksijeni yake huipata hewani kupitia kwenye machozi. Bali mishipa ya fahamu inayo tele, kuliko karibu sehemu yoyote nyingine ya mwili, ndiyo maana chembe moja ya vumbi humliza mtu mzima. Mambo haya mawili, kukosa damu na kujaa mishipa ya fahamu, yataeleza baadaye kwa nini ugonjwa huu huuma mno na kwa nini hupona polepole.

Kuhusu jina la ugonjwa, kuna mtego hapa. Magonjwa ambayo Kiingereza huyamalizia kwa kiambishi cha Kiyunani chenye maana ya kuwaka kwa kiungo, Kiswahili kimezoea kuyaita homa: homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Mfasiri aliyezoea njia hiyo ataandika bila kusita “homa ya konea.” Kosa lake ni kwamba ugonjwa huu hauna homa. Mgonjwa atajigusa paji la uso, ataliona baridi, na kujiambia kwamba hana ugonjwa unaotajwa. Baadhi ya waandishi wa tiba hutumia neno mchochota kwa maana ya kiungo kuwaka, kuvimba na kuuma. Neno hilo latosha katika maandishi ya wataalamu, nao waweza kuandika mchochota wa konea. Kwa watu wote twapendelea kidonda cha konea. Mtaalamu atatukumbusha kwamba si kila mchochota ni kidonda, naye atakuwa na haki. Lakini neno kidonda humpeleka mtu hospitali, na mchochota humpeleka kwenye kamusi.

Lenzi ipi?

Neno lenzi halina matatizo ya matamshi, ijapokuwa wengine huandika lensi. Tatizo lake ni kwamba limebebeshwa vitu vinne. Iko lenzi ambayo mtu huzaliwa nayo ndani ya jicho, nyuma ya mboni, na ambayo ikififia huitwa mtoto wa jicho. Iko lenzi bandia ambayo daktari huipandikiza mahali pa ile iliyoondolewa. Iko lenzi ya miwani. Na hatimaye iko hii tunayoizungumzia. Muuguzi akimwuliza mzee aliyepasuliwa mtoto wa jicho, “Je, una lenzi?” mzee atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Akimwuliza msichana mwenye lenzi za kahawia, huenda akajibu hapana, kwa kuwa yeye ajuavyo amevaa rangi ya macho, si lenzi.

Majina yaliyokwisha kujaribiwa ni mengi. “Lenzi za macho” halifai kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. “Miwani ya ndani” lina picha nzuri, lakini lenzi hii haiko ndani. Iko juu ya konea, imeelea katika machozi, na anayeamini kwamba iko ndani ataogopa kuitoa usiku, jambo ambalo ni hatari. “Lenzi mguso” ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo haimwambii msomaji chochote mpaka aelezwe. Lakini lililo baya kuliko yote, na ambalo sasa limeenea katika maandishi ya mashine, ni “lenzi za mawasiliano.” Neno la Kiingereza lenye maana ya kugusana lina pia maana ya kuwasiliana, na mashine imechukua ile ya pili. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba mawasiliano ni kazi ya simu, barua na barabara. Akiyaona maneno hayo juu ya chupa ya dawa ya macho atadhani ni chombo cha fundi wa redio. Na mashine hiyohiyo, inapofika kwenye dawa ya maji ya kulowekea lenzi, huiita “suluhisho.” Suluhisho hutafutwa baina ya watu waliogombana. Katika kemia tunalo neno mmumunyo, nalo limefundishwa darasani kwa miaka mingi.

Sisi twapendekeza lenzi ya kuvaa, kwa wingi lenzi za kuvaa. Kiswahili husema mtu amevaa miwani, amevaa saa, amevaa pete. Kitu kinachovaliwa huvuliwa, na wazo la kuvua limo ndani ya jina. Hilo ndilo tulitakalo, maana lenzi isiyovuliwa usiku ni mojawapo ya njia za kuufungulia ugonjwa mlango.

Lenzi za kwanza, za kioo kigumu, zilitengenezwa Ulaya katika miaka ya 1880, wala hazikuwa za starehe. Aliyeleta mabadiliko ni Otto Wichterle wa Chekoslovakia, mkemia ambaye mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa nyumbani kwake, alitumia vipande vya vifaa vya kuchezea watoto kuunda mashine ndogo ya kuzungushia plastiki laini inyonyayo maji. Marekani iliruhusu lenzi laini mwaka 1971, na baada ya hapo wavaaji wakawa mamilioni. Sifa yenyewe ya lenzi laini, yaani kunyonya maji, ndiyo iliyoleta matatizo yake: hunyonya pamoja na vilivyomo.

Amiba asiye wa tumboni

Neno amiba ni la kawaida katika Kiswahili, lakini watu wengi hulijua kwa maana moja tu. Mtu akisema “nina amiba,” amesema habari za tumbo, na jirani atamshauri asile matunda yasiyooshwa. Basi tukiandika kwamba “amiba huweza kuingia katika jicho,” msomaji atafikiri kwamba mdudu amepanda kutoka tumboni, au kwamba aliyewahi kutibiwa tumbo yumo hatarini. Amiba wa tumbo na amiba wa konea ni viumbe wawili mbalimbali. Kwa sababu hiyo hatuna budi kulichukua jina kamili, Akanthamiba, na kulieleza. Sehemu yake ya kwanza ni neno la Kiyunani lenye maana ya mwiba, kwa kuwa amiba huyu akitazamwa kwa hadubini huonekana amechomoza vijimiba vidogo mwilini.

Hapa pana jambo dogo la historia. Aliyemwona amiba huyu mwaka 1930, katika chombo alimokuwa akiotesha kuvu wa jamii ya hamira, alikuwa daktari wa Kiitalia Aldo Castellani, na spishi mojawapo imepewa jina lake. Castellani huyo ndiye aliyekuwako Entebbe, Uganda, mwaka 1902 na 1903 katika tume iliyochunguza ugonjwa wa malale, na ndiye aliyeona vimelea vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Laiti kila ugonjwa ungepata jina jema kama malale, lililozaliwa na kitenzi kulala, likaeleweka siku ileile.

Je, Akanthamiba ni kimelea? Wataalamu humweka katika orodha ya vimelea, na sisi hatuwapingi. Lakini mfasiri ajue maana anayoibeba. Kimelea, kwa asili ya neno, ni kitu kinachomea juu ya kingine na kula kwacho. Akanthamiba hahitaji mtu. Huishi kwa uhuru udongoni, vumbini, mtoni, baharini, katika mabwawa ya kuogelea na katika mabomba ya nyumbani, akijilia bakteria zake. Jichoni huingia kwa nasibu, pale anapoletwa na lenzi au anapokuta mchubuko. Wala haambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu. Andiko lisemalo “ugonjwa wa kuambukiza wa macho unaoletwa na vimelea” litamfanya mgonjwa atengwe taulo na mto, jambo lisilo na faida, na halitamwambia neno lolote juu ya bomba.

Hali zake ni mbili, na hapa tungewasihi wafasiri waweke kando majina ya Kiyunani na waseme kwa ufasaha: hali ya kula na hali ya kujifungia. Katika hali ya kula hutembea na kutafuna. Akikosa chakula, akikaushwa au akitiwa dawa, hujifungia ndani ya ganda lenye kuta mbili, na humo aweza kukaa miaka mingi. Wamepatikana walioishi zaidi ya miaka 20 katika hali hiyo wakiwa wakavu. Klorini itiwayo katika maji ya mji kwa kipimo cha kawaida hailitoboi ganda hilo. Mtafsiri asiyelielewa jambo hili hataelewa kwa nini maelekezo ni makali hivyo, naye atashawishika kuyalegeza.

Maji

Tumefika kwenye neno ambalo kwa ajili yake makala haya yameandikwa. Hakuna neno jepesi kuliko maji, wala hakuna linalotuponyoka zaidi katika somo hili.

Maelekezo ya Kiingereza mara nyingi husema kwamba lenzi isuuzwe kwa mmumunyo safi, usiokwisha kutumika. Mfasiri mwenye haraka huandika: “suuza lenzi kwa maji safi.” Ameandika Kiswahili kizuri, chepesi, kinachoeleweka na kila mtu, na kinachoweza kumgharimu mtu jicho. Maana katika Tanzania majisafi ni istilahi ya serikali. Ziko mamlaka za majisafi na usafi wa mazingira. Yapo majisafi na yapo majitaka, na majisafi ni yale yatokayo bombani. Kwa miongo mingi wananchi wamehimizwa kutumia maji safi na salama, nao wamefundishika. Mtu aliyefundishika hivyo akiambiwa asuuze lenzi kwa maji safi, atafungua bomba bila wasiwasi wowote, tena kwa moyo wa kutii sheria za afya. Maji hayo ni safi kwa kunywa. Kwa lenzi si safi.

Uingereza, ambako maji ya mji huaminiwa na kila mtu, ilichunguza jambo hili. Taarifa iliyotolewa mwaka 2004 ilieleza kwamba katika nyumba 27 za wagonjwa wa kidonda cha Akanthamiba, amiba waishio kwa uhuru walipatikana katika mabomba ya nyumba 24. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni desturi ya Waingereza ya kuweka tangi la maji chini ya paa, ambamo maji hukaa, hupata utelezi, na amiba hupata malisho. Tangi juu ya nyumba si kitu kigeni kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi.

Tatizo la pili ni la jirani na jirani. Kenya, na kwa baadhi ya watu wa pwani, maji ya bombani huitwa maji ya mfereji. Bara la Tanzania mfereji ni mtaro upitishao maji barabarani au shambani. Karatasi iliyoandikwa Nairobi, isemayo “usioshe lenzi kwa maji ya mfereji,” ikisomwa Dodoma itaonekana kama mzaha. Nani atakayeosha lenzi mtaroni? Na msomaji atahitimisha kwamba maji ya bomba hayakukatazwa. Dawa yake ni kuyataja yote mawili, bomba na mfereji, hata kama mhariri atalalamika kwamba twarudia.

Tatizo la tatu ni “maji ya chumvi,” na hili lina historia ya kusikitisha. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa Marekani waliona wagonjwa wa kidonda cha Akanthamiba wakiongezeka ghafla. Walipochunguza waligundua kwamba wengi walikuwa wavaaji wa lenzi laini, na kwamba miongoni mwao walikuwamo waliojitengenezea mmumunyo wa chumvi nyumbani, kwa kuyeyusha vidonge vya chumvi katika maji yaliyokenekwa. Maji yaliyokenekwa ndiyo yale ambayo fundi wa magari huyatia katika betri. Ni safi kwa mkemia, kwa kuwa hayana chumvi wala chokaa. Lakini si safi kwa daktari, kwa kuwa chupa ikishafunguliwa viumbe huingia. Katika hesabu ya wagonjwa wa nchi hiyo iliyochapishwa mwaka 1989, kiasi cha 85 katika kila 100 walikuwa wavaaji wa lenzi.

Sasa tufikirie maneno “maji ya chumvi” kwa sikio la Mswahili. Mama zetu walifundishwa kliniki kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na mafundisho hayo yameokoa maisha ya watoto. Maji ya chumvi hutumika kusukutulia koo na kuoshea jeraha. Kwetu sisi maji ya chumvi ni kitu kinachotengenezwa jikoni. Ukiandika kwamba lenzi isuuzwe kwa maji ya chumvi, umempa msomaji mapishi. Tena hata ule mmumunyo wa chumvi wa kiwandani, ulio safi kabisa, hauui kitu. Kazi yake ni kusuuza tu. Iko chupa nyingine yenye dawa ya kuua viini, na kwa Kiingereza chupa zote mbili huitwa kwa neno lilelile.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni moja: katika maandishi haya, kilichomo chupani kisiitwe maji kwa vyovyote. Chupa ya kwanza iitwe mmumunyo wa kusuuzia. Ya pili iitwe dawa ya kulowekea. Neno maji libaki kwa kazi moja tu, nayo ni kukatazwa. Hapo twaweza kuandika pasipo utata wowote: “Maji yoyote yasiguse lenzi: ya bomba, ya mfereji, ya kisima, ya mvua, ya bahari, ya kunywa ya chupa, wala yaliyochemshwa.” Wengi watauliza habari za maji yaliyochemshwa. Maji hayo yakipoa katika jagi hupata viini upya. Na isitoshe maji matupu huivimbisha lenzi laini na kuigandisha juu ya konea. Mate nayo yatajwe, maana wapo wanaoilamba lenzi iliyoanguka na kuirudisha jichoni.

Neno tasa, ambalo baadhi ya kamusi hulitoa kwa kitu kisicho na viini, tungelihifadhi kwa mahali pake. “Maji tasa” humfanya msomaji afikirie ng'ombe asiyezaa.

Vitenzi

Vitenzi havikupata heshima ya kuitwa istilahi, lakini katika maelekezo ndivyo vifanyavyo kazi. Sugua, suuza na loweka ni vitendo vitatu, na mpangilio wake ni huo. Mara nyingi tumeviona vikikusanywa katika neno moja “osha,” na hapo kusugua hupotea. Kusugua ndiko kunakong'oa utelezi ambao amiba hujificha ndani yake.

“Nawa mikono” halina ubaya, ila lisiachwe peke yake. Kwa desturi anayenawa hupangusa mikono kidogo na kuendelea, na tone lililobaki kidoleni latosha kumhamisha amiba. Iandikwe: “nawa kwa sabuni, kisha kausha mikono kabisa kabla ya kugusa lenzi.” Wale watiao udhu mara kadhaa kwa siku wakumbushwe kufumba macho wakati wa kunawa uso, au kuvua lenzi kwanza na kuzirudisha baada ya kukauka.

Kisha kuna kuoga na kuogelea. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana kabisa, na mfasiri huyaona yote. Kiswahili kimeyazaa kutoka shina moja, na katika karatasi nyingi hubaki moja tu: “usiogelee ukiwa na lenzi.” Kwa wasomaji wetu wengi kuogelea ni jambo la baharini, ziwani au hotelini, la mara chache; kuoga ni la kila siku. Likiachwa kuoga, limeachwa lile kubwa.

Mgonjwa na daktari

Hapana haja ya kurefusha habari za tiba, ila kwa kadiri inavyogusa maneno. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa mfugaji wa Texas, Marekani, mwaka 1973, ambaye jicho lake lilikuwa limeumia. Hakuwa na lenzi yoyote. Hata leo katika India wengi wa wagonjwa si wavaaji wa lenzi, bali ni watu walioingiwa na udongo au maji machafu jichoni. Kwa sababu hiyo tusiuite “ugonjwa wa lenzi.” Mkulima aliyepigwa na bua jichoni asije akaambiwa haumhusu.

Dalili yake kubwa ni maumivu yasiyolingana na jinsi jicho linavyoonekana: jicho jekundu kidogo, na mtu analia usiku kucha. Hii ni kazi ya ile mishipa ya fahamu tuliyoitaja, ambayo amiba huifuata. Mwanga humchoma, machozi humtoka, na siku zikipita huonekana pete nyeupe katika konea. Mwanzoni hufanana sana na kidonda kiletwacho na virusi vya hepesi, na wagonjwa wengi hutibiwa hepesi kwa majuma kadhaa kabla ukweli haujajulikana. Mpaka miaka ya 1980 tiba ilikuwa karibu haipo. Mwaka 1985 madaktari wa London walitoa taarifa ya mgonjwa aliyepona kwa dawa. Siku hizi hutumika matone ya poliheksanidi na kloheksidini, kwanza kila saa, usiku na mchana, kisha kwa miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima. Konea iliyoharibika kabisa huhitaji kupandikizwa nyingine.

Maneno “kila saa” yaandikwe hivyohivyo, na yafuatiwe na “hata usiku.” Katika masikio ya wengi dawa ni ya kutwa mara tatu, na lolote linalozidi hapo hudhaniwa ni kosa la chapa.

Limebaki swali ambalo mhudumu wa zahanati au hospitali apaswa kumwuliza kila mwenye jicho jekundu linalouma. Tumelipima kwa njia mbalimbali, tukitazama nani angeweza kujibu “hapana” hali jibu lake ni “ndiyo.” Kwanza “Je, unavaa lenzi?” lilimwacha nje mwenye lenzi za urembo. “Je, umevaa lenzi?” lilimwacha nje aliyezivua jana kwa sababu ya maumivu. Mpaka sasa lisilovuja ni hili: “Je, katika miezi hii michache umewahi kuweka kitu chochote cha kuvaa ndani ya macho, iwe cha kuonea, cha kubadili rangi au cha urembo, hata mara moja?” Ni refu, na msahihishaji wa magazeti angelikata. Kwa karatasi ya mapokezi ya kliniki ya macho twaliona linafaa, pamoja na la pili linalolifuata: “Uliziosha kwa nini?” Na hapa mhudumu asipendekeze jibu; aliandike neno lilelile atakalolitaja mgonjwa, liwe bomba, mfereji, chumvi au mate.